Vipande Elfu Nne na Sabini vya Kresensia

Ufunguo wenyewe huwa hauna shida. Watu wakija kwetu huuleta wameufunga kwenye leso, wameushika kama yai, wakidhani kazi yote ipo kwenye ufunguo. Kumbe kuuchomeka hata mtoto anaweza. Kazi ni namna ya kuuzungusha. Ukiuzungusha ndivyo sivyo, ufunguo uleule, mkondo uleule, unapata chenga tupu ukutani, zile nukta za televisheni iliyokosa mawimbi, na chenga haigeuki tena kuwa mtu.

Bibi Eufrasia aliuleta wa kwake ndani ya kopo la dawa. Ilikuwa Jumatatu asubuhi, ukungu wa milima ya Matogoro bado umelala mlangoni kwetu. Alikuwa ameshikwa mkono na mjukuu wake, miguu imemvimba mpaka kandambili zimemkaa nusu, na zile ngazi tatu za kuingilia alizipanda kama mtu anayepanda mlima.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Ndiyo hapa wanapofungulia watu?"

"Ndiyo hapa. Karibu ukae."

"Nikikaa, kuniinua ni kazi yako."

Akakaa. Mjukuu akasimama nyuma yake na sare ya shule, mrefu, shingo nyembamba, macho yanazunguka chumba kizima. Mashine, ukuta mweupe, kile kiti kimoja kikubwa cha mtazamaji. Nilimuuliza jina, akasema Leokadia, miaka kumi na miwili kasoro mwezi mmoja.

"Huyu ni mke mwenzangu," Bibi Eufrasia akasema. "Tuliolewa na marehemu babu yake wote wawili, ila yeye hakupika hata siku moja."

"Bibi!"

"Uongo? Ulipika lini?"

Nikacheka, kisha nikamuuliza lile ambalo lazima niulize. Aliyefariki ni nani?

"Mwanangu, Kresensia. Mama yake huyu. Alikuwa huko juu, kwenye vioo."

Hapa Songea hakuna asiyevijua vioo. Alfajiri kukiwa wazi unaviona vikipita, mstari wa nukta nyeupe, vikipeleka mwanga wa jua kwenye mashamba ya nchi ambazo hatujafika. Anayepanda kwenda kuvichomelea anasaini miaka kumi na miwili na hashuki katikati. Akifia huko mwili haushuki. Kinachoshuka ni mkondo. Kila mfanyakazi hushonewa jicho dogo juu ya nyusi, na kila siku jicho hilo huweka saa moja ya anachokiona na anachokisikia, saa anayoichagua mwenyewe, ila hatari ikitokea linajiwasha lenyewe. Zinafungwa, hazitazamwi na mtu. Akirudi mzima, zinafutwa mbele yake. Akifa, ufunguo unaletwa nyumbani kwao kwa posta.

Kresensia alikuwa amebakiza miezi kumi.

"Bibi, nikueleze namna mbili za kufungua, halafu utachagua wewe," nikasema. "Kuna kufungua kwa namba na kuna kufungua kwa mnyororo. Kila kipande kina namba yake. Kwa namba, unanitajia saa moja unayoitaka, iwe ya mwanzo, iwe ya katikati, naizungushia ufunguo inafunguka hiyohiyo. Lakini ufunguo unaishia hapo. Vipande vingine vyote vinabaki chenga, siku zote."

"Na mnyororo?"

"Mnyororo unaanza na kipande cha kwanza. Cha kwanza ndicho kinachofungua cha pili, cha pili kinafungua cha tatu. Kilichofunguka unaweza kukirudia upendavyo, ila mbele huwezi kuruka. Na ule mnyororo una saa ndani yake, unatoa kipande kimoja kwa siku, kama alivyoviweka yeye."

"Kwa nini wasitoe vyote kwa pamoja?"

"Zamani walikuwa wanatoa. Watu wakawa wananunua mikondo ya marehemu na kuiuza sokoni, vifo peke yake, vimekatwa vimepangwa. Ndipo wakatengeneza kufuli hii."

Bibi Eufrasia akatikisa kichwa taratibu. "Viko vingapi vya kwake?"

"Elfu nne na sabini."

"Miaka kumi na moja na miezi miwili, Bibi," Leokadia akasema kabla sijafungua mdomo. Alikuwa amepiga hesabu kichwani.

Bibi akacheka bila sauti, mabega tu. "Mimi daktari ameniambia mahindi mabichi nitayawahi. Makavu hakuniahidi." Akageuka. "Mke mwenzangu, hebu katazame nje kama yule mama wa maandazi ameshafika."

Mtoto alipotoka, Bibi Eufrasia akaliweka lile kopo la dawa mezani, katikati yetu.

"Nataka saa ya mwisho," akasema. "Barua yao imesema chumba kilivuja, akafungiwa upande wa pili wa mlango. Saa nzima. Hewa inakwisha na yeye anajua inakwisha. Mtu akikaa saa nzima anajua hivyo, husema neno. Nalitaka hilo neno."

Nimejifunza kwamba mtu aliyefika hapo hahitaji kusukumwa.

"Siku anaondoka nilijifungia jikoni. Mtoto ana miezi minane, bado ananyonya, mama yake anakwenda kuchomelea vyuma mbinguni. Nikamwambia, mwanamke anayemwachisha mtoto ziwa kwa mkataba hana mama. Akasimama nje ya mlango, nikamsikia amesimama. Sikufungua." Alikuwa anazungusha kifuniko cha kopo, anakifungua na kukifunga. "Alipiga simu kila Jumapili. Napokea, nampa mtoto. Miaka yote hiyo sijamwambia hata haloo. Sasa ama alinisamehe ama hakunisamehe. Nikafe nikijua."

Nilitaka kumuuliza kuhusu Leokadia. Lakini mfunguzi hashauri. Nikamsomea karatasi, kwamba mrithi wa kwanza ndiye mwenye kuchagua na mrithi wa kwanza ni yeye. Nikamwambia lazima nipime kwanza, arudi kesho yake.

Wakati wa kutoka, Leokadia alibaki nyuma, maandazi yamo mfukoni mwa sketi yanatoa mafuta.

"Dada, kipande cha kwanza kina nini?"

"Sijui. Hakijafunguliwa."

"Kuna anapocheka?"

"Kwa nini unauliza?"

"Kwenye simu hakuwahi kucheka. Dakika zilikuwa chache, alikuwa anauliza shule tu, na nimekula nini." Akachezea kamba ya mkoba. "Mimi sijui anachekaje."

*

Kupima ni kazi ambayo wengi wanaichukia kwa sababu haina cha kutazama. Unauweka mkondo mezani ukiwa bado umefungwa, unaangalia kama vipande vyote vipo, na unaangalia umefungwaje: kila chembe ya picha, au chembe moja katika kila kumi. Mimi sikuichukia. Nilianza pale kwa kudeki, nikiwa na cheti cha darasa la saba na kitambaa, na miaka miwili nilideki huku naangalia chenga za wenzangu. Chenga haifanani. Ya kufuli nzima inachemka sawasawa kama uji. Ya moja kwa kumi ina mistari, na kati ya mistari, ukiwa na subira, vivuli vinapita.

Wa Kresensia ulikuwa wa moja kwa kumi.

Picha ndivyo ilivyokuwa. Sauti yenyewe hufungwa yote, hupati hata pumzi. Lakini kufuli haifichi ukubwa. Mtu akisema, kipande cha sauti kinajaa. Akinyamaza, kinabaki chembamba. Ni kama magunia yaliyoshonwa mdomo: ndani huoni, ila lililojaa na lililo tupu unayajua kwa kuyaangalia tu.

Nilianza na la kwanza, maana lazima uanze mahali. Lilikuwa limejaa mpaka karibu kupasuka. Siku ya pili imejaa. Mwezi wa tatu, mwaka wa tano, siku nyingi zimejaa, nyingine nusu, zile zenye ugonjwa au uchovu nyembamba kidogo. Huyu mwanamke alikuwa anasema. Sikujua anasema na nani wala anasema nini, ila saa yake ya kila siku alikuwa anaichagua ili aseme.

Kisha nikafika elfu nne na sabini.

Kati ya mistari niliona kivuli cha mkono kinapanda. Mkono wa kushoto. Ukasogea, vidole vikawa vikubwa, kiganja kikajaa ukuta mzima. Baada ya hapo giza, mistari juu ya giza, mpaka mwisho wa saa. Nikaangalia sauti. Nyembamba. Dakika ya kumi nyembamba, ya thelathini nyembamba, ya hamsini nyembamba vilevile. Pumzi peke yake ndiyo inakaa hivyo.

Hakusema kitu, si kwa mama yake, si kwa mtoto.

Nilirudia mara tatu. Halafu nikakumbuka jambo wanalofundishwa huko juu, kila aliyewahi kuwa na ndugu kwenye vioo analijua: maneno yanakula hewa. Ukifungiwa, nyamaza. Kumbe hakuwa anaaga. Alikuwa anabana pumzi ili aifikie dakika ambayo wangemfungulia mlango. Ule mkono sikujua ulikuwa wa nini. Labda taa za hatari zilimuumiza macho. Labda hakutaka tuone alichokiona.

Nikampelekea Bwana Mapunda, mkuu wetu. Alikuwa anakula mhogo wa kuchemsha, akanionyesha kiti kwa kidole.

"Saa ya mwisho ni tupu," nikasema. "Bibi anataka kuchoma miaka kumi na moja kwa ajili ya saa tupu."

"Umeona nini?"

"Ukubwa wa sauti. Na kivuli..."

"Hukuona. Umepima. Andika kwamba vipande vyote vipo, basi."

"Bwana Mapunda, yule mtoto hajui hata mama yake anachekaje."

Akaweka mhogo chini. Hakuwa mtu mbaya, nisije nikamsingizia. "Stumai, kiapo kinasemaje?"

"Mfunguzi hamwambii mrithi kilichomo kabla ya kufungua."

"Kwa sababu tukianza kusema, kesho utamwambia mwingine kwamba yake ni matusi, mwingine kwamba yake ina hawara, na mwisho sisi ndio tutakaokuwa tunachagua, si wao. Mrithi ana haki ya kukosea."

"Na mtoto?"

"Mtoto si mrithi mpaka afike kumi na nane." Akauchukua mhogo wake, akauangalia, hakuula.

*

Jumanne walikuja watatu. Wa tatu alikuwa mama mnene wa makamo, kofia ya sufu kichwani, na sauti yake ilifika kabla yake.

"Stumai mwanangu," Bibi Eufrasia akaniambia kutoka mlangoni, "kama mna mbwa hapa mfungieni, nimekuja na Mhehe."

"Mbwa wa Wangoni sili, wamekonda kama mabwana zao," yule mama akajibu. Jina lake Sekalinga, mtani wa ukoo wao. Akapita katikati yetu, akaenda moja kwa moja kwenye kiti cha mtazamaji, akaketi, akaegemea.

"Mama, hicho ni cha mrithi," nikasema.

"Najua. Ndiyo maana nimekikalia." Akanigeukia. "Sikiliza, binti. Hawa watumwa wangu walikaa matanga bila kaburi. Mimi mtani kazi yangu nini msibani? Niingie shimoni nilale, niwazuie kuzika mpaka wanipe haki yangu. Nikamwigize marehemu, watu wacheke. Sasa marehemu yuko huko juu anazunguka, shimo nilipate wapi? Leo nimelipata. Shimo ni kiti hiki. Sitoki bila kuku."

"Kuku yuko nyumbani," Bibi Eufrasia akasema.

"Jogoo au yule mwenye kideri uliyempa padri?"

Leokadia akaficha kicheko kwenye kiganja. Na Sekalinga, alipoona amempata mtoto, akaanza. Akamwigiza Kresensia anavyotembea, bega moja juu. Anavyofunga kanga halafu anaifungua na kuifunga tena. Akaibana sauti: "Mama, sukari imekwisha, na mimi sijagusa!" Bibi Eufrasia alicheka mpaka kikohozi kikamshika, ikabidi nimletee maji.

"Ni yeye huyo," alikuwa anasema. "Ni yeye kabisa, na midomo ina sukari."

Sekalinga akamwacha apumzike. Kisha akasema, kwa sauti ileile ya utani, "Lakini wewe Mngoni una roho. Akiwa mzima ulimfungia mlango, leo amekufa unataka kuchungulia."

Mtu mwingine angesema hivyo, wasingezungumza tena mpaka kufa. Bibi Eufrasia aliishika glasi yake kwa mikono miwili.

"Sema tu," akajibu. "Ni haki yako."

Bwana Mapunda akaja kuwaita, Bibi kwa kusaini na Leokadia kwa fomu ya mjukuu. Nikabaki na Sekalinga. Alikuwa ametoa karanga kwenye mkoba, anamenya.

Niliangalia vidole vyake vikimenya. Kiapo kinasema mrithi. Nilikizungusha kichwani usiku kucha na bado nilikuwa nakizungusha. Mtani si mrithi. Hana anachopata kwa marehemu isipokuwa kuku.

"Mama Sekalinga," nikasema, "saa ile ya mwisho hakusema kitu."

Karanga ikabaki kwenye vidole.

"Nani kakwambia?"

"Nimepima. Alifunika uso kwa kiganja cha kushoto, akanyamaza. Saa nzima. Alikuwa anabana hewa."

"Hata jina la mama yake?"

"Hata la mtoto."

"Na vile vingine?"

"Vingine amesema. Vimejaa. Wakifungua hiyo ya mwisho, vyote hivyo vinakwenda."

Ule uso wa utani ulikuwa umeshuka wote, amebaki mwanamke aliyechoka tu. "Kwa nini umeniambia mimi?"

"Wao hawawezi kukukasirikia."

"Binti," akasema, "umenitwika."

Mlango ukafunguka. Bibi Eufrasia alikuja peke yake, ameshika ukuta, karatasi mkononi. Leokadia alibaki na Bwana Mapunda.

"Haya, kuku nimekubali, jogoo. Toka hapo tuanze."

"Sijamaliza," Sekalinga akasema. "Nimeigiza kutembea, nimeigiza sukari. Sasa naigiza saa ya mwisho."

Akaweka kiganja cha kushoto usoni. Akanyamaza.

Bibi Eufrasia akatabasamu, akisubiri kichekesho. Kikachelewa. Akaangua kicheko kidogo cha kumhimiza. "Haya, sema." Sekalinga hakusogea. Kifua chake kilikuwa kinapanda na kushuka polepole, kwa kubana. "Sekalinga. Sema, mama, mtoto anarudi." Nje mtu alikuwa anaita maandazi. Niliona lile tabasamu linakauka kwenye uso wa Bibi, kuanzia machoni.

Akanigeukia. "Stumai. Mtani wangu anatania?"

Niliangalia meza.

"Hata mara moja?"

Machozi yalikuwa yanapita kati ya vidole vya Sekalinga, yanaingia kwenye mkono wa sweta, na bado hakutoa sauti.

Bibi Eufrasia akavuta kile kigoda changu, akakaa. "Alikuwa hivyo hata mdogo," akasema baadaye. "Alivunjika mkono huyu siku moja, akakaa nao mpaka jioni. Hakulia. Nilijua kwa kuona hali chakula."

Nilidhani imekwisha. Nilidhani sasa atasema mfungulie mtoto, na mimi nitakuwa nimefanya jambo jema. Ndivyo nilivyokuwa mjinga. Akaifuta pua kwa upande wa kanga, akasema:

"Fungua hiyohiyo."

"Bibi..."

"Kama alisema neno, ningelisikia na kuondoka. Kama alinyamaza ndiyo nataka zaidi. Amekufa peke yake kwenye giza. Mimi nilimwacha amesimama mlangoni, sasa nimwache na hapo tena? Nitakaa naye. Saa yake yote. Fungua."

Nilikuwa nimesema, nimevunja kiapo nusu, na nilichopata ni kumpa sababu kubwa zaidi ya ile aliyokuja nayo. Karatasi ilikuwa na sahihi yake. Kopo la dawa lilikuwa wazi.

Sekalinga akasema bila kuondoa mkono usoni, kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo, "Kaa naye hapa."

"Nini?"

"Mimi nimo shimoni kwake. Mtani akiwa shimoni ni marehemu, wewe unajua, ndivyo babu zetu walivyokubaliana. Saa nzima ninayo, kazi sina. Kaa naye hapa. Ule ufunguo uache."

"Wewe si yeye."

"Mimi si yeye," Sekalinga akakubali.

Bibi Eufrasia aliuangalia ule mkono wa kulia wa Sekalinga uliolala kwenye kiti, na maganda ya karanga bado yamo vidoleni. Halafu akasogeza kigoda, akaushika. Sekalinga akanyamaza tena, na safari hii Bibi naye akanyamaza. Nilizima mashine kwa sababu inavuma.

Walikaa saa nzima. Niliiangalia kwenye saa ya ukutani. Dakika ya ishirini Bwana Mapunda alifungua mlango, akawaona, akaniangalia mimi, akaelewa kila kitu. Akaufunga bila kitasa kulia. Dakika ya arobaini na kitu, Bibi Eufrasia alianza kusema jambo, midomo tu, karibu na ule mkono. Sikusogea kusikiliza. Ilipotimia saa, Sekalinga alishusha kiganja, uso umebaki na alama za vidole.

"Mfungulie mtoto," Bibi Eufrasia akaniambia. "Huo mnyororo wako."

*

Bwana Mapunda aliniuliza mara moja tu. "Nani alimwambia?"

"Hakuna mrithi aliyeambiwa na mimi."

Akaniangalia sana. Akaandika barua, akaninyima kuzungusha ufunguo miezi mitatu. Nikarudi kudeki. Niliona ni sawa, maana sikuwa na uhakika kama nilistahili zaidi au pungufu.

Ufunguo aliuzungusha Bwana Mapunda mwenyewe, mimi nimesimama na kitambaa. Kwenye kipande cha kwanza Kresensia alikuwa anafukuza kandambili. Huko juu vitu haviangukii chini, na yeye alikuwa amebeba kandambili za nyumbani, moja ikamtoroka, ikawa inaelea mbele yake kila akiikaribia. Alicheka. Kicheko cha kupanda, kinakatika, kinaanza upya na kwikwi. Alikuwa anamsimulia mtoto wa miezi minane: "Ona, Leo, ona kiatu cha mama kimekuwa ndege."

Leokadia hakulia. Alisogea mbele ya kiti, akafungua mdomo kidogo, akawa anajaribu kukifuata kile kicheko bila sauti.

Bibi Eufrasia alikuja siku arobaini na sita. Kila siku mwanawe alisema na mtoto, kuhusu chakula, kuhusu vyuma, kuhusu Mfilipino mmoja anayekoroma. Jina la Bibi halikutajwa isipokuwa siku ya kumi na tisa, wanapakua maharage, Kresensia akasema, "Mama angeyaona haya angeyamwaga." Ndiyo hilo tu. Bibi aliomba airudie. Alirudia mara nne. "Ni maharage gani hayo wanawapa?" akauliza, kama mtu anayetaka kwenda kugombana na mpishi.

Siku ya arobaini na saba hakuja. Mahindi yalikuwa mabichi.

Wiki moja kabla alikuwa amenishika mkono wakati namshusha zile ngazi. "Siku mtoto atakapofika kwenye ile ya mwisho," alisema, "mimi sitakuwepo, na Mhehe huyu na mafuta yake hatakuwepo. Wewe bado utakuwa kijana. Usimwache aingie peke yake." Nikamwambia sitamwacha.

Leokadia huja kila siku akitoka shule. Jana alikuwa amefika kipande cha mia mbili na kumi na mbili. Anamwita mama yake kwa jina sasa, kama rafiki, anatoka ananisimulia, "Dada Stumai, leo Kresensia kaunguza kidole akatukana!" Ameanza kucheka vile, kwa kupanda na kukatika, hajui kwamba ameanza. Na jana wakati anafunga mkoba aliniuliza, "Hivi mwisho kabisa atasema nini?"

"Bado mbali," nikamwambia.

Nimehesabu. Yeye atakuwa na miaka ishirini na tatu, kama mimi nilivyo leo. Mimi thelathini na minne. Bwana Mapunda atakuwa amestaafu, huenda na mashine zimebadilishwa. Siku hiyo nitafunga mlango na kukaa naye, nimemshika mkono, na sitamwambia mapema, na sitasema kitu.